Wa Sita ni Yeye Mwenyewe

Ujumbe wake ulinifikia usiku, kabla hatujaonana. Ulikuwa wa mistari michache. Nipande kivuko cha saa mbili asubuhi pale Ċirkewwa, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Malta. Nisihangaike na tiketi, kwa kuwa nauli ya Gozo hailipwi wakati wa kwenda. Hulipwa wakati wa kurudi. Na nikishapanda, nisimame upande wa kulia.

Nilisimama upande wa kulia. Safari ni ya dakika 25 hivi, na katika dakika hizo kisiwa kidogo cha Comino kilipita mbele ya macho yangu chote, na mnara wake wa mwaka 1618 ukiwa peke yake juu ya jabali, rangi ya mkate uliookwa. Abiria wa upande wa kushoto waliona maji tu. Gozo ilipoanza kuinuka mbele yetu, nilielewa kwamba mwongozaji wangu alikuwa ameshaanza kazi, na hata jina langu alikuwa hajalitamka.

Nimetembezwa na waongozaji wengi. Mji Mkongwe wa Unguja, Bagamoyo, Kilwa Kisiwani. Kila mara nilikuwa nikiwapima kwa wingi wa habari walizohifadhi kichwani: miaka, majina ya masultani, nani alijenga na nani alibomoa. Siku moja ya Gozo ilinibadilishia kipimo. Sasa nikimtazama mwongozaji, kwanza naangalia ananisimamisha wapi.

Alitupokea bandarini Mġarr, mama wa makamo, mfupi, kofia pana, leseni yake ikining'inia kifuani. Malta haimruhusu mtu kufanya kazi hii bila leseni. Tulikuwa wageni watano: mume na mke kutoka Ujerumani, bibi mmoja wa miaka sabini na kitu pamoja na binti yake, na mimi. Alituhesabu kwa kidole, kwa lugha yake: wieħed, tnejn, tlieta, erbgħa, ħamsa. Kisha akajigusa kifua na kusema: sitta.

Masikio yangu yalisimama. Sita! Kimalta kimetokana na Kiarabu walichokiacha watawala waliofika mwaka 870, nacho Kiswahili kimechota humo humo, kwa njia ya bahari nyingine. Nilimwomba aendelee. Sebgħa ni saba, disgħa ni tisa. Siku ile ilikuwa il-Ħamis, na kesho yake il-Ġimgħa: Alhamisi na Ijumaa. Dunia kwao ni dinja. Aliyesafiri nje huitwa msiefer. Alifurahi kuliko mimi, akanitania kwamba mimi ni ndugu aliyepotea njia akashuka bandari ya mbali. Ila hakuyaacha mazungumzo hayo yaimeze siku yetu. Alinyanyua uso, akausikiliza upepo shavuni, na akabadilisha ratiba yote.

Hapo ndipo penye ufundi, na napenda nikae hapo kidogo.

Ratiba iliyochapishwa ilisema tuanze na mahekalu ya kale ya Ġgantija, tumalizie Dwejra, pwani ya magharibi. Lakini upepo wa Gozo wenye kauli ni majjistral, unaotoka kaskazini-magharibi, na ukishika nguvu mashua za Dwejra hazitoki. Asubuhi ile ulikuwa bado mwepesi. Tungesubiri mchana tungekuta bahari imefungwa. Mtu wa pwani yetu anayejua tofauti ya kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa zaidi. Alipiga simu tatu, fupi fupi: moja kwa nahodha, moja kwa madereva, moja kwa mwenye mkahawa. Siku ikageuzwa mkia ukawa kichwa, na wale Wajerumani hata hawakujua kuwa kuna kilichobadilika.

Usafiri wetu ulikuwa bajaji mbili. Nilicheka kwa furaha nilipoziona. Kwetu jina limetokana na Bajaj, kampuni ya India, lakini chombo chenyewe asili yake ni Italia: Piaggio walitoa gari lao la magurudumu matatu mwaka 1948, wakaliita Ape, yaani nyuki, na Bajaj nao walianza kwa kuunda vyombo vya Piaggio kwa leseni. Kwa hiyo bajaji ya Gozo ni shangazi wa bajaji ya Kariakoo. Muungurumo ni ule ule. Namna ya kujishikilia kwenye kona ni ile ile.

Yeye alipanda ya kwanza, na kila tuliposimama alihamia nyingine, ili asiwepo wa kusema kwamba mwongozaji alikuwa wa wenzake. Ndani ya bajaji hakuzungumza kabisa. Mwanzoni nilidhani ni kelele za injini, baadaye nikaona ni uamuzi. Bajaji haina kioo wala mlango. Inapita katikati ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, mipungate imening'inia juu yake, harufu ya shamari na vumbi inaingia yenyewe. Chombo kinachokusemea hivyo hakihitaji mtu wa kukisaidia. Maneno aliyahifadhi kwa ajili ya pale tutakaposhuka.

Baada ya kijiji cha San Lawrenz barabara inateremka kuelekea Dwejra. Aliwasimamisha madereva kabla ya mteremko, pahali ambapo basi kubwa lisingeweza kuegesha. Chini yetu palikuwa na kidimbwi cha bahari kilichozungukwa na majabali pande zote, maji yametulia kama ya kisimani. Wenyeji wanakiita Il-Qawra. Zamani lilikuwa pango, dari likaanguka. Kinaungana na bahari kuu kwa ufa mmoja tu katika jabali, njia ya chini kwa chini ya mita 80 hivi, na mashua ndogo za wavuvi hupenya humo. Kutoka juu ufa ule ulionekana kama mkwaruzo wa kalamu. Alitaka tuuone ukiwa mdogo kwanza, kabla haujatumeza.

Nahodha alikuwa mzee mwenye vidole vinene. Yeye na mwongozaji walisemezana kwa macho. Bibi yule alipandishwa wa kwanza, akakalishwa katikati ya mashua ambapo mtikiso ni mdogo, na jambo lile lilifanywa kama heshima ya mgeni wa kwanza, hata binti yake akaridhika. Sisi wengine tuligawanywa kwa uzito bila kuulizwa uzito. Ndani ya ufa nahodha alipunguza injini mpaka ikawa mnong'ono. Akawa anaongoza kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukigusa mwamba pale uliposogea mno, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake gizani. Giza, ubaridi, kisha chini yetu buluu ikaanza kuwaka, kwa mwanga wa upande wa pili uliopita ndani ya maji.

Tulitoka kwenye bahari wazi. Mashua ikapinda kushoto, ikasimama. Mbele yetu palikuwa na jabali lililokatika na bahari tupu.

Hapo ndipo lilipokuwa Dirisha la Buluu, tao la mawe la mita 28 lililomfanya kila mtu aijue Gozo kwa picha. Tarehe 8 Machi 2017 dhoruba ililiangusha, nguzo na dari pamoja. Nilikuwa nimejiuliza tangu asubuhi: mwongozaji anaonyeshaje kisichokuwepo? Picha alikuwa nayo kwenye mkoba, nilikuwa nimeiona. Hakuitoa. Alituambia tutazame ukingo wa jabali pale lilipokatika, kisha tunyooshe mkono mbele, tuupindishe taratibu kuelekea majini. Watu watano ndani ya mashua, mikono imepinda. Akangoja. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba alipokuwa mtoto baba yake alikuwa akivua chini ya kivuli chake.

Basi. Nahodha akawasha injini.

Kutoka pale tuliona Jabali la Jenerali, limesimama peke yake mlangoni mwa ghuba. Juu yake huota mmea wa rangi nyekundu iliyokolea ambao mashujaa wa Shirika la Mtakatifu Yohana, watawala wa Malta wakati ule, waliuamini kama dawa ya kuzuia damu na kuhara. Waliuita uyoga, ingawa ni mmea unaotoa maua, unaonyonya mizizi ya mimea mingine. Mwaka 1746 Mkuu wao Pinto alipiga marufuku mtu yeyote kupanda jabali lile. Wavunaji wao walifikishwa kwa kapu lililovutwa kwa kamba kutoka nchi kavu, juu ya maji. Nikiwa ndani ya mashua, baada ya kivuko na bajaji, nilimwonea gere mtu wa kapu.

Mashamba ya chumvi ya Xwejni tuliyapita kwa nusu saa tu. Ni vidimbwi vya mraba vilivyochongwa kwenye mwamba ufukweni, na familia za hapo bado huvuna chumvi wakati wa kiangazi kwa mifagio na madumu. Mimi nilishangaa jambo lililowapita wenzangu: maji hayakupwa. Bahari ya Mediterania haina kupwa na kujaa kwa kujulikana, tofauti na Tanga ambapo ufuko unaondoka na kurudi kila siku. Mvuna chumvi wa Gozo anachonga kidimbwi kando ya maji akijua yatakuwa pale pale jioni.

Chakula kilikuwa kizuri: mkate wa ftira, jibini ndogo za maziwa ya kondoo, nyanya. Tukaenda Xagħra.

Ġgantija ni mahekalu mawili ndani ya ukuta mmoja, na la kwanza lilianza kujengwa mnamo mwaka 3600 kabla ya Kristo, miaka elfu moja hivi kabla ya piramidi za Giza. Mwongozaji mwingine angeanza na tarakimu hiyo. Huyu alitusimamisha karibu na ukuta wa nje, akamweka yule bibi kwenye kivuli cha jiwe moja na kumwomba ainue mkono. Mkono haukufika hata nusu. Jua la alasiri lilikuwa linaupiga ukuta kwa ubavu, kila shimo na kila mpasuko ukitoa kivuli chake. Asubuhi, alisema, ukuta huwa bapa. Upepo ulikuwa umempa mwanga ambao ratiba ilimnyima.

Kisha akatuonyesha kwamba mawe ni ya aina mbili. Nje ni jiwe gumu la matumbawe, linalostahimili mvua. Ndani, pale palipotakiwa kuchongwa milango na madhabahu, ni jiwe laini la rangi ya asali. Wajenzi wale hawakuwa na chuma, lakini walijua kila jiwe linafaa kukaa wapi. Alionyesha pia mawe ya mviringo kama mipira, yanayodhaniwa kuwa yalitumika kuviringishia mapande makubwa. Wazee wa Gozo walikuwa na maelezo mengine: kwamba mapande hayo yalibebwa na mwanamke jitu, Sansuna, akitafuna maharage huku amembeba mwanawe. Hadithi ile aliisimulia mwishoni, tulipokwisha kuona uzito. Angeitanguliza tungeicheka.

Kituo cha mwisho kilikuwa Ċittadella, ngome iliyo juu ya mji wa Victoria. Ndani yake kuna kanisa kuu lililojengwa kati ya 1697 na 1711 kwa ramani ya Lorenzo Gafà. Mlangoni alituomba tutazame sakafu. Tulitembea nyuma yake kama watoto wa chuo, macho chini, juu ya makaburi ya marumaru, mpaka akasimama. Inueni macho. Juu yetu kulikuwa na kuba refu, lenye nguzo na madirisha, likipanda kwenye mwanga. Kisha akatuambia tupige hatua kuelekea ukutani, na kuba likaanza kulala ubavu, nguzo zikapinda, madirisha yakageuka rangi tupu. Hakuna kuba. Ni dari bapa, na picha iliyochorwa na Antonio Manuele wa Messina mwaka 1739, kwa ajili ya mtu aliyesimama mahali pamoja.

Nilirudi pale pale mara tatu. Alinitazama tu, akitabasamu.

Akatupandisha juu ya kuta, tuone paa la kanisa kutoka nje, bapa kama meza. Gozo nzima ilikuwa chini yetu, kilomita 14 kwa 7, na bahari kila upande. Hapo ndipo aliposimulia mwaka 1551, jeshi la Waosmani chini ya Sinan Pasha na Dragut lilipoivamia ngome hii na kuchukua karibu watu wote wa kisiwa, wapatao 5,000, wakauzwa utumwani. Baada ya hapo, mpaka mwaka 1637, sheria iliwataka watu wa Gozo walale ndani ya kuta hizi kila usiku. Aliyasema akiwa amegeukia baharini, nasi tumegeukia anakotazama, kwa hiyo hatukumwona uso. Mimi ni mtu wa nchi ya Bagamoyo. Sikuuliza swali.

Majjistral ulikuwa umeshika tulipofika Mġarr. Mawimbi yalikuwa na weupe kichwani. Nahodha wetu alikuwa amempigia mwongozaji simu kusema Dwejra imefungwa tangu saa nane. Mwongozaji alitufikisha kwenye dirisha la tiketi, akamshika bibi mkono mpaka mwanzo wa ngazi, akamwambia binti kiti gani hakitikisiki. Kwangu mimi alisema saħħa, neno lao la kuagana, lenye maana ya afya. Nikamjibu siha njema, na akalielewa.

Kisha akatuhesabu tena kwa kidole, tukipita mlangoni mmoja mmoja. Wieħed, tnejn, tlieta, erbgħa, ħamsa. Kidole kikabaki hewani.