Niambie Mpira Uko Wapi

Mjomba wangu alipofuka nikiwa bado mtoto wa shule. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, hata akabaki kuutambua mwanga wa dirisha tu. Jumapili, hata hivyo, hakuacha kwenda uwanja wa Afraha, hapa Nakuru. Kutoka kwetu Bondeni hadi uwanjani si mbali. Alinishika bega, tukaenda polepole, tukatafuta pa kuketi, na kazi yangu ikawa kumtangazia mpira.

Nilianza vibaya. Nilipayuka kama walivyopayuka waliotuzunguka: hatari! lo! amekosa! Alinivumilia kwa muda, halafu akanifinya bega. "Mjomba," akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, "usiniambie ni hatari. Niambie mpira uko wapi, nani anao, na nani anamjia. Hatari nitaijua mwenyewe."

Aliwahi kuona, na hilo lilimfanya mwalimu mkali. Alikuwa kijana Nakuru All Stars ilipotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1969, mara ya pili baada ya ule wa 1963, msimu wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa. Kichwani mwake uwanja ulikuwepo tayari, na nyasi zake na milingoti yake. Alichokosa ni mtu wa kumwekea wachezaji mahali pao. Nikisema "anakwenda na winga" aliniuliza winga ipi. Nikisema "mpira umetoka" alitaka kujua umetoka kwa nani, na sasa ni wa kurusha au ni kona.

Mechi ikichezwa mbali, walimu wetu walikuwa redioni. Leonard Mambo Mbotela, yule wa kipindi cha *Je, Huu ni Ungwana?*, alikuwa pia bingwa wa kutangaza kandanda tangu enzi za Sauti ya Kenya. Kabla ya kipenga kupulizwa, mtangazaji wa aina yake alikuchorea uwanja: nani wamevaa rangi gani, nani wanashambulia kutoka upande gani kuelekea upande gani, jua linampiga kipa yupi usoni. Baada ya hapo hukupotea tena. Mpira ukiwa katikati, sauti ilitembea. Ukivuka kuingia nusu ya wapinzani, sauti ilianza kupanda ngazi. Ukifika ndani ya kumi na nane, sentensi zilikatika zikawa maneno mawili mawili. Mjomba aliijua sauti ile kama anavyojua msafiri mlio wa gari lililoanza kupanda mlima. Desemba 1987, Gor Mahia ilipotoka sare ya 1-1 na Esperance ya Tunisia jijini Nairobi, ikalibeba Kombe la Washindi Afrika kwa bao la ugenini baada ya ile 2-2 ya Tunis, sisi Bondeni hatukuona hata jezi moja. Lakini hadi leo naweza kukuonyesha kwa kidole mpira ulikopitia.

Na Kiswahili kinaifaa kazi hii kuliko tunavyokiri. Chukua neno moja, "anampa". Watu wawili wamo humo ndani, anayetoa na anayepokea, na mpira uko njiani. Tena ngeli zetu hazimruhusu msikilizaji achanganyikiwe. "Ameukosa" ni beki aliyerusha mguu hewani. "Umemkosa" ni shuti lililopita sentimita chache kutoka kichwani mwake. "Anaufuata" ni mtu anayeukimbilia mpira, "unamfuata" ni pasi inayomkuta alipo. Silabi mbili tu zinatosha kumweleza asiyeona ni nani anatenda na nani anatendwa. Na ukitaka kurudi nyuma kusimulia bao lilivyopatikana, unaacha "ana" unachukua "aka": akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaachia mkwaju. Msikilizaji anajua papo hapo kwamba sasa ni kumbukumbu, mchezo haujaendelea. Mtangazaji hodari huuchezea mfumo huu kama mpiga udi anavyochezea nyuzi, bila kuzitazama.

Ndipo ikaja televisheni majumbani na katika hoteli zetu, na hoja ikawa kwamba picha ipo, basi maneno ya nini? Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Kila mtu anaona mpira ulipo, kwa hiyo mtangazaji akajiona amesamehewa kazi ya kutazama. Akabaki na kinywa tu, na kinywa kisicho na macho hujaa kelele. Mimi nina jaribio langu: nafumba macho dakika tano mbele ya mechi ya televisheni. Nasikia bei ya mchezaji, ugomvi wa kocha na mkewe, mkeka wa kamari wa nani umechanika. Nasikia mtu akilia "oooh!" Sijui mpira uko wapi.

Usiku wa tarehe 10 Agosti 2024, baada ya saa tatu, tulikuwa tumejaa hotelini tukisubiri fainali ya mita 1,500 ya Olimpiki ya Paris. Faith Kipyegon ni wetu kabisa, mtu wa Keringet, kaunti hii hii ya Nakuru. Mtangazaji wa kituo tulichokuwa tukitazama alikuwa akihesabu medali za Kenya hata bunduki ikalia, na akaendelea kuzihesabu. Gudaf Tsegay wa Ethiopia akatoka mbele kwa kasi kali tangu mwanzo, Faith akakaa nyuma yake. Kimya juu ya hilo. Siku tano tu kabla, wanawake hao wawili walisukumana katika fainali ya mita 5,000. Faith akaenguliwa, kisha akarudishiwa medali yake ya fedha baada ya rufaa. Nchi nzima ilikesha na habari hiyo. Sasa wanakimbia tena, mmoja kisogoni mwa mwingine, na kila mtu hotelini alitaka mtu mmoja tu wa kusema: mtazameni, leo amemwachia nafasi, hataki kuguswa. Hakusema. Tsegay alipoanza kuzama hakusema. Faith alipochomoka kwenye mzunguko wa mwisho, tulichopata ni jina lake likirudiwa na kurudiwa mpaka kwenye utepe. Dakika 3 na sekunde 51.29, rekodi ya Olimpiki, dhahabu ya tatu mfululizo ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuipata katika mbio hizo. Nyuma yake Jessica Hull wa Australia na Georgia Bell wa Uingereza walikuwa wakipigania fedha kwa sehemu ya sekunde. Hao hawakutajwa kabisa.

Nilikumbuka jambo la mwaka 2016. Faith aliposhinda Rio, baba yake aliomba kijiji chao kiletewe umeme ili waweze kumwona binti yao akikimbia. Umeme ukapelekwa. Nguzo zikapandishwa mlimani kwa ajili ya mbio za dakika nne. Mzazi aliyeomba nuru ili aone, tunampa sauti ya namna gani iambatane na picha ile?

Sisemi televisheni inataka maneno mengi kama redio. Inataka machache, na ndiyo maana ni ngumu zaidi. Richie Benaud, nahodha wa zamani wa kriketi wa Australia aliyekuja kuwa mtangazaji, alishika kanuni ya kutosema neno mpaka awe na kitu cha kuongeza juu ya picha. Kuna mengi ambayo picha haina. Mbio za magari za Safari ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, helikopta zilituonyesha Naivasha na Soysambu zinavyopendeza. Hazikutuonyesha kwamba vumbi la Kedong ni laini kama unga wa ngano, kwamba gurudumu huzama humo bila onyo na injini ikakosa pumzi. Mchungaji yeyote wa Kedong anayajua haya. Mtangazaji anayajua pia, iwapo amewahi kufika.

Na hafiki. Hii ndiyo sababu kubwa, na inaniudhi kuliko kelele zenyewe. Wengi hutangazia studioni, wakitazama kioo kile kile ninachokitazama mimi, kamera inapogeuka na wao wanageuka. Hawaoni kipa aliyesogea, hawaoni mchezaji wa akiba anayefunga kamba za viatu. Wengine nao wamepewa kiti kwa kuwa wanachekesha, au wana wafuasi mitandaoni. Uwanjani hawajawahi kusimama kwenye mvua na karatasi ya majina mkononi.

Watu wamejibu kwa njia yao. Zamani tulizima sauti ya televisheni tukafungulia redio. Siku hizi hata hilo limekuwa gumu: tangu mitambo ya analogia izimwe nchini mwaka 2015, picha hufika ikiwa imechelewa sekunde kadhaa, maana lazima ifungwe, irushwe, kisha king'amuzi kiifungue. Redio inapiga kelele ya bao wakati kwenye kioo mpira ungali miguuni mwa kiungo. Namjua mzee mmoja wa Kivumbini anayekubali hasara hiyo. Anasikiliza kwanza, kisha anatazama kuhakikisha. Anasema redio haijamdanganya.

Mwaka 2025 ulitunyang'anya Mbotela mwezi Februari, akiwa na miaka 84, na Mei ukamchukua Charles Hilary, sauti ambayo Tanzania iliisikia kutoka Radio Tanzania hadi Radio One na BBC. Rambirambi zilikuwa nyingi, na nyingine zilitoka kwa wakuu wa vituo ambavyo havimtumi mtu uwanjani.

Kwa hao nina ombi. Mjomba hayupo tena, lakini katika kila mechi mnayoirusha kuna mtu wa namna yake upande wa pili, au mama aliye jikoni na sufuria, au dereva aliyeegesha gari akitegea sikio. Mpeni mtangazaji wenu nauli ya matatu kutoka Nakuru, apite Njoro, Elburgon na Molo hadi Keringet, atembee ile miinuko iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndipo atangaze mbio za Faith. Mpeni tiketi ya Afraha. Akae nje, karibu na mstari, atuambie mpira uko wapi.