Sekunde Tano za Singeli

Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda mkoani Katavi, kuna kibanda ambako bodaboda husimama kuingiza nyimbo kwenye flashi. Jioni moja nilikaa pale na mwenye kibanda, kijana wa miaka ishirini na kitu, nikamwomba anipunguzie spidi ya biti moja ya singeli. Ilikuwa ikienda mapigo 200 kwa dakika. Akaishusha hadi 100. Pale nilipozoea kusikia kishindo kimoja kinachokimbia, nikasikia vitu vinne: ngoma ya chini, makofi, kipande cha kinanda kinachokwaruza, na manyanga yanayolifuata pigo kwa nyuma kidogo, kama mchezaji anayechelewesha mguu makusudi. Kila kimoja kilikuwa mahali pake. Tangu siku hiyo siwezi kuiita singeli muziki wa vurugu.

Singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka hapa. Kabla yake palikuwa na mchiriku, ambao wengine huuita mnanda: kinanda kidogo cha Casio kilichofungwa kwenye spika za honi, ngoma pembeni, na mtaa mzima uko nje. Jagwa Music wa Mwananyamala waliufikisha muziki huo Ulaya, na albamu yao Bongo Hotheads ikatoka mwaka 2012. Huku nyuma, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ma-DJ walikuwa wakichukua vipande vya ala tupu vya taarabu na kuvikimbiza, waghani wakapanda juu yake. Waghani tunawajua; sura zao zimo kwenye video. Mimi nimevutiwa na yule aliyeinama nyuma ya kompyuta.

Hebu tupige hesabu ya kazi yake. Kwa mapigo 200 kwa dakika, kati ya pigo na pigo ni sehemu tatu za kumi za sekunde. Mapigo kumi na sita, ambayo ni kipande cha kawaida cha kuzungusha, hayafiki sekunde tano. Kwenye biti ya dakika tano, kipande hicho kitarudi zaidi ya mara sitini. Kama kimekatwa vibaya, hata kwa unywele, kasoro itarudi mara sitini. Kama utamu wake ni wa juujuu, msikilizaji atachoka kabla ya dakika ya kwanza kuisha. Kwa hiyo fundi husikiliza wimbo mzima wa taarabu, pengine wa dakika kumi, akitafuta sekunde chache tu zinazoweza kustahimili kurudiwa hivyo. Akizipata anazikimbiza, na hapo sauti yenyewe hubadilika: fidla hupanda na kulia kama filimbi, sauti ya mtu mzima hugeuka ya mtoto. Kilichokuwa kitamu kwa mwendo wa taratibu huenda kikaharibika. Inabidi atafute upya.

Kisha linakuja la kuondoa. Ngoma ya chini inatolewa kwa mapigo manane, wachezaji wanabaki wananing'inia hewani, halafu inarudi na kiwanja kinalipuka. Ikirudi mapema, pengo lake halijasikika. Ikichelewa, watu wameshapoa. Hakuna kitabu kinachofundisha kipimo hicho. Kimejifunzwa vumbini, kwa kuitazama miguu ya watu.

Studio ya Sisso, iliyoko Mburahati, Dar es Salaam, imelea mafundi wengi wa namna hii. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi zao katika Sounds of Sisso, na masikio ya mbali yakageuka. Bamba Pana akafuata na albamu yake, Poaa, mwaka 2018. Mwaka 2019 zikaja albamu Mateso, ya Sisso mwenyewe, Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. DJ Travella alitoa Mr Mixondo mwaka 2022. Jukwaani mafundi hawa huifanya kibodi ya kompyuta kuwa ngoma: kila herufi imebebeshwa mlio wake, na vidole vinazipiga kwa kasi ambayo macho hayaifuati. Ukisikiliza Singeli ya Maajabu ya mwaka 2024, ya Sisso na Maiko, utasikia kinanda kinavyocheza na kuchokozana na biti, kama watu wawili wanaojuana kwa miaka.

Nilipomweleza kijana wa Kashaulili hesabu yangu ya mara sitini, hakushangaa. Alinifungulia faili lake mwenyewe. Alikuwa amekata kipande cha ngoma ya Kisukuma, ambayo huku Katavi unaisikia sana kwenye harusi na minada, akakipandisha spidi. Tulikisikiliza kikizunguka. Kwangu kilikuwa kizuri. Yeye alitikisa kichwa.

"Bado hakijakaa, mzee. Pale mwishoni kinajikwaa."

Nilisikiliza tena, na tena. Kwenye mzunguko wa kumi hivi ndipo nami nikakusikia huko kujikwaa, kudogo kuliko kupepesa jicho. Kijana alikuwa ameshakifuta kipande chote. Alirudi mwanzo wa wimbo, akavaa spika za masikioni, akafumba macho, akaanza kutafuta sekunde nyingine tano.