Hesabu ya Marejeo: Uchambuzi wa Safari ya Mlima Kenya ya 1943

Tarehe 24 Januari 1943, mateka watatu wa Kiitaliano, waliokamatwa katika vita vya Uhabeshi na kuletwa Kenya, walitoka katika Kambi namba 354 ya Nanyuki kwa kupitia mlango wa bustani ya mboga, wakaufungua kwa ufunguo wa bandia, wakauelekea Mlima Kenya. Na hawakufanya hivyo ili wavikimbie vita, maana nchi ya karibu isiyokuwa na upande vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, masafa ya zaidi ya kilomita 1,000, bali walikusudia kuupanda mlima, kushuka, na kurudi kifungoni kwa hiari yao.

Aliyeibuni safari hiyo alikuwa Felice Benuzzi, mzaliwa wa Vienna aliyekulia Trieste. Wa pili alikuwa Giovanni Balletto, tabibu na mpandaji hodari. Na wa tatu alikuwa Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpandaji wa milima hata kidogo. Benuzzi aliyaandika mambo yao katika kitabu, Fuga sul Kenya, kilichotoka mwaka 1947, na tangu hapo wasomaji wa mataifa mengi wamekisifu kwa ushujaa unaosimuliwa ndani yake. Ushujaa huo siukatai. Lakini naona kuwa faida yake kubwa iko mahali pengine, kwani kitabu hicho ni daftari la hesabu lililowekwa wazi kwa insafu, ambamo tunaona mambo mengi yaliyopimwa vizuri na jambo moja lililopimwa vibaya, nalo lilikuwa njia ya kurudi.

Nayachambua haya kwa ajili ya msomaji wa Butare, yaani sekta ya Butare katika wilaya ya Rusizi, si mji wa Huye uliojulikana zamani kwa jina hilo hilo. Hapa tunaishi kati ya joto la bonde la Bugarama na baridi ya msitu wa Nyungwe, msitu wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 unaoungana kusini na Kibira ya Burundi. Na katika wilaya yetu ndipo inapokomea ile njia ya miguu na baiskeli iitwayo Congo Nile Trail, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu. Vijana wanaotamani kutembea peke yao masafa marefu wanaongezeka, na tamaa hiyo ni njema. Lakini tamaa isiyotanguliwa na hesabu huwaachia wazazi kilio.

Tuanze na zana. Benuzzi aliukuta ufunguo wa mlango wa bustani bila mwangalizi, akalichapa umbo lake katika donge la lami, na kwa umbo lile ukachongwa mwingine. Nyundo ziligeuzwa kuwa sururu za kuchimbia barafu. Vyuma vilivyotupwa vilifuliwa vikawa meno ya kuvaliwa chini ya viatu, yasiyoteleza juu ya theluji. Na kamba za katani zilizotoka katika vitanda vya kambi ziliunganishwa zikawa kamba ya kupandia. Kinachofaa kuangaliwa katika orodha hii, kuliko ule ufundi wa kufua chuma, ni fikira iliyotangulia, kwa kuwa kila zana ilikuwa jawabu la swali lililoulizwa miezi mingi kabla ya safari: tutakanyaga nini, tutashika nini, na mmoja wetu akiteleza, atazuiwa na nini? Mtu anayenunua vitu dukani kabla ya kujiuliza maswali ya namna hii hurudi na mzigo mzito usiokuwa na jawabu hata moja.

Katika habari ya ramani walikuwa maskini zaidi. Picha waliyoitegemea ilikuwa ya karatasi iliyobandikwa juu ya kopo la nyama la Kenylon, nayo iliuonyesha mlima kwa upande usio ule waliokusudia kuupandia. Zaidi ya hiyo, walikuwa na macho yao, ambayo kwa miezi mingi yaliutazama mlima kutoka kambini kila mawingu yalipofunuka. Walichagua kulifuata bonde la mto Nanyuki, uteuzi wenye akili, kwa sababu mto uliokuwa ukiteremka kutoka mlimani hadi karibu na kambi uliwapa njia moja ya kwendea na kurejea, hata pale msitu ulipowafunika wasione kilele wala bonde. Mto huo ulikuwa dira yao, na ulifaa kuwa dira kwa sababu walijua yakini unakotoka na unakokwenda.

Sasa tufike kwenye chakula, ambapo ndipo palipo na taksiri. Walikuwa wamejiwekea akiba haba na haba kutoka katika posho ya kambi, kwa subira kubwa, na akiba ile walikadiri kuwa itawatosha. Lakini msitu uliwachelewesha kuliko walivyodhani, kwa miteremko, mianzi, na hadhari ya wanyama, wakiwemo tembo. Kisha Barsotti akashikwa na maradhi, ikabidi abaki kambi ya juu huku wenzake wawili wakijaribu kilele. Na kila siku iliyopotea kwenda juu ilikuwa ikiliwa kutoka katika mfuko wa siku za kurudi. Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na msafiri wa nchi kavu hana budi kuongeza kuwa anayerejea hurejea akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka, kwa hiyo fungu la marejeo halipasi kuwa masalio ya fungu la kwenda, bali ndilo linalostahili kutengwa kwanza, lifungwe, na lisiguswe.

Hata hivyo, jambo moja lililowaokoa lazima lisifiwe. Benuzzi na Balletto waliujaribu ukingo wa kaskazini-magharibi wa Batian, kilele chenye mita 5,199, ambacho Mackinder alikuwa wa kwanza kukifikia mwaka 1899 pamoja na waongozaji wake wawili, Ollier na Brocherel. Na walipokuta mwamba ni mgumu kuliko zana zao na theluji inaanguka, waligeuka. Kugeuka kule, baada ya miezi ya matayarisho na hatari za njiani, kulihitaji nguvu ya nafsi kuliko kuendelea. Tarehe 6 Februari walipanda Lenana, yenye mita 4,985, wakasimamisha bendera waliyoishona wenyewe na kuacha majina yao ndani ya chupa. Kisha wakateremka siku baada ya siku na njaa kali, hata wakajirudisha kambini tarehe 10 Februari, siku ya 18 tangu kutoka. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, na mkuu wa kambi akazipunguza zikawa 7 kwa kuuheshimu moyo wao wa michezo.

Linganisha na msiba uliotokea katika mlima huo huo mwezi wa Septemba 1970. Matabibu wawili vijana wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa karibu na kilele cha Batian pale jiwe lilipong'oka, Judmaier akaanguka, na mguu wake ukavunjika hata mfupa ukatokeza nje. Hawa walikuwa na zana kamili ambazo mateka wa 1943 hawakuweza hata kuziota. Lakini zana hazikumshusha majeruhi. Oelz alimfunga jeraha, akamwachia kidogo kilichokuwapo, akateremka peke yake kutafuta msaada. Na kazi ya kumshusha mtu mmoja ilichukua zaidi ya wiki, kwa juhudi za wapandaji wa Kenya na kikosi kilichoruka kutoka Innsbruck, na ikagharimu maisha ya rubani Mmarekani ambaye helikopta yake ilianguka. Judmaier aliishi. Aliishi kwa sababu palikuwa na mwenziwe wa kwenda kusema mahali alipo. Naye aendaye peke yake hana Oelz, kwa hiyo hana budi kumweka Oelz wake nyumbani kabla hajaondoka, nitakavyoeleza.

Turudi Butare tuifanye hesabu hii kwa nchi yetu. Kwanza ni baridi. Bonde la Bugarama liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali vilele vya Nyungwe hufikia mita 2,950 juu ya Bigugu. Na kwa kuwa joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kijana anayeondoka bondeni kwa fulana ameshaingia katika hali nyingine ya hewa kabla ya adhuhuri. Nguo iliyolowa huondoa joto la mwili upesi mno kuliko nguo kavu, na mvua ya Nyungwe haina miadi. Kwa hiyo koti la mvua, shati kavu lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kipande cha turubai vinatangulia chakula, maana mtu mzima huvumilia siku kadhaa bila kula, lakini aliyelowa juu ya mlima huweza kuangamia katika usiku mmoja.

Pili ni saa. Kwetu giza huingia karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na huingia haraka. Ugawe mchana katika mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya dharura. Aliyeondoka saa kumi na mbili asubuhi ageuke saa nne, hata kama lengo lake analiona mbele ya macho. Arudi saa nane mchana. Na saa nne zilizobaki ziwe za mguu ulioteguka au mto uliofurika.

Tatu ni maji yateremkayo. Wengi wamefundishwa kwamba aliyepotea afuate kijito mpaka afike kwa watu. Waitaliano waliufuata mto waliojua unakotoka na unakokwenda. Lakini Nyungwe ni mgongo unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile. Vijito vya upande wetu hushukia Ruhwa, mto wa mpaka na Burundi, kisha Rusizi, hata Tanganyika; na aliyevuka mgongo bila kujua huzidi kujitenga na nyumbani kwa kila hatua, maana kijito chake humpeleka upande wa Rukarara, mto ambao mpelelezi Richard Kandt alikitafuta chanzo chake mwaka 1898 kwa ajili ya habari za Nile. Asiyejua yuko upande gani wa mgongo akae mahali alipo, ajikinge, na apige filimbi: mara sita katika dakika moja, anyamaze dakika moja, arudie. Na ndani ya hifadhi yenyewe, inayoendeshwa tangu 2020 na African Parks kwa mapatano na serikali ya Rwanda, usiingie bila mwongozaji.

Mwisho ni Oelz wa nyumbani. Kabla ya kutoka, andika katika karatasi njia utakayopita, saa utakayogeuka, saa utakayorudi, rangi ya nguo zako, na saa ambayo, usipoonekana, utafutwe. Kisha mkabidhi karatasi hiyo mkuu wa mudugudu, au jirani mwenye kutimiza ahadi, naye aisome mbele yako na akubali. Simu isihesabiwe badala yake, kwa kuwa chaji huisha na mawimbi hukatika mabondeni. Asiye na mtu wa kumkabidhi karatasi hiyo hajawa tayari kwa safari ya upweke, na aahirishe mpaka ampate.