Kabla Haijasagwa: Namna ya Kuchagua Dawa za Asili za Uzazi na Nguvu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye biashara ya dawa za nguvu za kiume na za kushika mimba, methali hiyo haitoshi, maana hata mukombero halisi wa Kakamega hutembezwa, kutoka stendi hadi stendi na baa hadi baa, na haupungui ubora kwa kutembezwa. Kipimo ni kingine: je, unachouziwa bado kina umbo lake? Mzizi una ganda, nyama na harufu. Mbegu ina rangi na pembe zake. Gome lina upande wa nje na wa ndani. Huo wote ni ushahidi, na kinu huufuta kwa dakika chache. Ndiyo maana mjuzi wa dawa hununua nzima, akaenda kuitwanga mwenyewe.

Mwongozo huu unashika dawa nne: mzizi mmoja, mbegu mbili na gome moja. Haukuahidi mtoto wala usiku mrefu. Unakufundisha kutenganisha dawa na takataka, na muuzaji na tapeli.

Mukombero: pua, jicho, jino

Tuanze na mukombero, maana ndio mzizi unaosomeka kwa urahisi. Kwa jina la kisayansi ni Mondia whitei, mmea wa msituni unaopanda miti mingine, wenye majani mapana yenye umbo la moyo. Waluhya wanautafuna tangu zamani, Waganda wanauita mulondo, na Malawi unajulikana kama gondolosi. Wapo wanaoutafutia nguvu, wapo wanaoutafutia hamu ya chakula, na wapo wanaoutafuna kwa utamu wake tu.

Pua hutangulia. Kwaruza ganda kwa ukucha. Harufu inapaswa kupanda papo hapo, tamu, inayokaribiana mno na vanila. Hilo si jambo la kubahatisha: kemikali inayoitoa ina atomi zile zile za vanilini, ila zimepangwa kwa namna nyingine. Kwa kuwa ni kemikali inayoruka hewani, mzizi ulioanikwa juani siku nyingi huipoteza. Mzizi mzuri hukaushwa kivulini, penye hewa. Ukilazimika kuubandika puani ndipo unukie, umechelewa kuununua.

Jicho linafuata. Ganda la nje ni la kahawia yenye wekundu. Ukivunja, ndani ni weupe wa malai, na katikati pana uti mgumu wa mti. Unacholipia ni ile nyama iliyo kati ya ganda na uti. Vijiti vyembamba sana huwa uti mtupu: utatafuna, utatema, na hutakuwa umepata kitu. Ukiona madoa meusi au ya kijani kwenye sehemu iliyokatwa, huo ni ukungu, na ukungu hautoki kwa kuoshwa. Sikiliza pia mlio. Mzizi mkavu huvunjika kwa kishindo. Unaojikunja bado una maji, na ukiufungia kwenye mfuko wa plastiki utaoza.

Mwisho ni jino. Ladha huanza na uchungu kidogo na ukali wa tangawizi, halafu utamu ukafuata na kubaki ulimini. Uchungu ukizidi kupanda bila utamu kuja, tema, na usione haya mbele ya muuzaji. Mukombero uko katika ukoo mmoja na Acokanthera, mti ambao Wagiriama na Wakamba walichemsha sumu ya mishale yao kutoka kwake, sumu inayosimamisha moyo. Anayechimba kwa pupa anaweza kuchanganya mizizi, na wewe ndiye utakayekuwa mlangoni mwa hatari hiyo.

Muuzaji mwenyewe ni kipimo. Kwenye soko la mizizi mazungumzo ya haki huwa mafupi:

"Shikamoo mama. Huu ni wa lini?"

"Marahaba mwanangu. Wa juzi. Vunja uone."

Anayekuambia uvunje hana cha kuficha. Anayekuzuia kuvunja anajua utakachokiona. Muulize pia ulichimbwa wapi na kwa namna gani. Msituni Kakamega mmea huu umeadimika kwa sababu watu waling'oa shina zima. Mchimbaji mwenye adabu huchukua mizizi ya pembeni, akaacha shina mama na kulifukia. Siku hizi wapo wakulima wanaoupanda mashambani, na taasisi ya icipe ya Nairobi ni miongoni mwa waliosukuma kilimo hicho kandokando ya msitu. Mzizi wa shambani una faida moja kubwa kwa mnunuzi: aliyeupanda anajua alipanda nini.

Je, unafanya kazi? Hapa mjuzi huwa mpole. Mwaka 2001 watafiti wa Kamerun, Watcho na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapa panya dume dondoo la mzizi huu: utengenezaji wa manii ulishuka na uwezo wa kuzalisha ukapungua, kisha hali ikarejea dawa iliposimamishwa. Mwaka 2008 Lampiao na wenzake waliweka dondoo lake pamoja na manii ya binadamu maabara, na mwendo wa manii ukaboreka. Panya mzima si kichupa cha maabara, na majibu hayo mawili hayafutani. Ila yanatosha kumwonya mwanamume anayetafuta mtoto: kutafuna kijiti mara moja moja ni jambo moja, kunywa dondoo zito kila siku kwa miezi ni jambo lingine kabisa.

Uwatu na habat soda: mbegu zisizopaswa kudanganya

Uwatu haukosekani kwenye duka la viungo la pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja. Wanawake waliojifungua hunywa uji wake ili maziwa yaongezeke, na siku hizi unauzwa pia kama dawa ya hamu na ya mvurugiko wa homoni. Mbegu nzuri ni ya manjano ya dhahabu, ngumu kama kokoto, yenye mfuo wa mshazari unaoigawa vipande viwili visivyolingana. Ikiwa imefifia na kuwa kahawia, ni ya siku nyingi. Ukiona vitundu vidogo au unga chini ya kopo, wadudu wamekutangulia.

Kipimo chake ni maji. Loweka kijiko kimoja usiku kucha. Asubuhi mbegu iwe imevimba na maji yamekuwa mazito yenye ute unaovutika. Zinazoelea na kubaki zimesinyaa ni mapepe. Ukitumia siku kadhaa, jasho na mkojo huanza kunukia sukari iliyoungua. Usishtuke, ni dalili kwamba ulichokula ni uwatu wa kweli. Cha kushtukia ni sukari ya damu. Uwatu huishusha, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa za hospitali azungumze kwanza na daktari wake. Mjamzito asiutumie kwa kiwango cha dawa, na mwenye mzio wa karanga au dengu awe mwangalifu, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja.

Habat soda, Nigella sativa, ina heshima ya kipekee kwa Waislamu kwa kuwa imetajwa katika hadithi za Mtume. Heshima hiyo ndiyo inayowavuta wachakachuaji. Mbegu yake ni nyeusi isiyong'aa, yenye pembe, na ukiipasua ndani ni nyeupe yenye mafuta. Isugue kati ya vidole: inanukia ukali wa viungo, na ukiimeza pilipili yake hupanda kooni. Ikinuka kitunguu, umeuziwa mbegu za kitunguu, kwani zinafanana sana. Ikiacha weusi kwenye kitambaa kilicholowa, imetiwa rangi. Mafuta yake yawe kwenye chupa ya kioo cheusi, yenye tarehe, yaliyokamuliwa bila moto. Yasiyokereketa koo hata kidogo yamezimuliwa kwa mafuta ya kupikia.

Kati ya dawa hizi nne, hii ina ushahidi wa kutia moyo zaidi kwa upande wa manii. Nchini Iran, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapa wanaume wenye tatizo la uzazi mililita 5 za mafuta haya kwa siku kwa miezi 2, wenzao wakapewa mafuta yasiyo na dawa. Idadi na mwendo wa manii viliongezeka zaidi kwa waliotumia habat soda. Walikuwa wanaume 68 tu, na kilichopimwa ni manii, kwa hiyo ni mlango uliofunguka, bado si hukumu.

Gome: liulize mti uko hai?

Gome la Prunus africana, ambalo Wakikuyu huliita muiri, linatafutwa na wanaume wenye tezi dume iliyovimba. Ulaya liliingia kwenye dawa za viwandani miaka ya 1960, na kiu hiyo ikaimaliza miti hadi mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya mkataba wa CITES.

Gome bichi lililovunjwa hunukia lozi chungu. Kipande kinene, chenye ganda la nje la kahawia iliyokolea na lenye nyufa, kimetoka kwenye mti uliokomaa. Vipande vyembamba vya fimbo vimetoka kwenye matawi au miche, na mara nyingi ni ishara kwamba mti wote umeangushwa. Mchunaji mzuri huchuna pande mbili za shina zinazokabiliana, akaacha pande nyingine mbili ili mti uendelee kupeleka chakula mizizini. Muuzaji asiyejua mti wake unaonekanaje baada ya kuchunwa hajawahi kuuona.

Unga na chupa: pale macho yanapoishia

Kuna unga wa haki. Lakini unga hauna uso. Unga wa mkuyati, wa mukombero na wa maganda ya mti wowote wa barabarani huweza kufanana mkononi, na jina la mtaani haliusaidii, kwa kuwa jina moja hubeba miti tofauti kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Ukilazimika kununua unga, dai vitu vitatu: jina la mmea, tarehe ya kusagwa, na namba ya usajili. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Kenya dawa za mitishamba husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Namba hiyo iulizie kwenye mamlaka yenyewe, maana kibandiko kila mtu anaweza kukichapisha.

Kisha tazama kasi. Huu ndio mtihani muhimu kuliko yote, na watu wengi huusoma kinyumenyume. Unga unaokusimamisha ndani ya nusu saa husifiwa mtaa mzima kuwa ni mkali. Mizizi haina mwendo huo. Mwenye mwendo huo ni sildenafil, dawa ya hospitali, na mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali, Uganda ikiwemo, zimewahi kuikuta imechanganywa kimyakimya kwenye dawa zinazoitwa za asili. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akiimeza bila kujua, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka hadi akafa. Maumivu ya kichwa, uso kuwaka na macho kuona rangi ya buluu baada ya kikombe cha "mitishamba" ni saini ya kiwandani.

Kwa upande wa uzazi, kipimo ni kalenda. Manii huchukua takriban siku 70 na zaidi kutengenezwa. Dawa yoyote inayodai kuyaboresha haiwezi kuonyesha kazi yake kwa wiki moja. Hesabu miezi miwili au mitatu, kisha upime hospitali.

Mdomo wa muuzaji

Msikilize anavyoahidi. Anayesema dawa yake inasafisha kizazi, inafungua mirija, inayeyusha uvimbe, inarudisha nguvu na kutibu kisukari, hana dawa, ana orodha. Mirija iliyoziba haifunguliwi na mzizi. Anayekuuliza umri, una presha, unatumia dawa gani, mkeo au mumeo amepimwa, huyo anajua kazi. Na anayemtibu mwanamke pekee bila kumtaka mumewe naye apimwe ameshaacha nusu ya tatizo nje ya mlango.

Jua pia pa kukomea. Wanandoa waliokaa mwaka mzima bila kinga na bila mimba, au miezi 6 ikiwa mwanamke amepita miaka 35, waende kliniki pamoja. Mwanamume ambaye nguvu zimepungua ghafla apime sukari, presha na moyo kabla ya kununua chochote, kwa kuwa mishipa ya huko chini ni myembamba na hutangulia kulalamika kabla ya ile ya moyo.

Ukishanunua, hifadhi kwenye chupa kavu ya kioo, mbali na jua, ukaandike jina na tarehe kwa mkono wako. Twanga ya wiki moja tu kwa wakati. Siku ya kwenda kwa daktari beba kipande kizima pamoja na vidonge vyako, umwonyeshe vyote, na umwambie unatumia kiasi gani na tangu lini.