Sifa ya Msomaji wa Picha za Tumbo

Miongoni mwa fani za tiba zisizotajwa sana, mimi huitukuza ile ya kusoma picha za CT-Scan za mfuko wa chakula. Maana humo daktari wa radiolojia hukutana na kinundu katika ukuta wa mfuko, akatakiwa aamue kama ni umbile, ni maradhi mepesi, au ni saratani, ilhali hajakigusa. Mchimbaji mdogo wa Geita ana karasha: hulisaga jiwe ndipo akapata yakini ya dhahabu. Msomaji wa picha hana idhini hiyo, kwani mbele yake ni mtu hai, aliyetoka Shinyanga au Geita kwenda Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza.

Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, na mwaka huo huo, mjini London, mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield ilipiga picha ya kwanza ya CT-Scan ya ubongo wa mgonjwa. Hesabu za elimu hiyo Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa amekwisha kuzichapisha, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kipimo chenye jina la Hounsfield huyapa maji 0, hewa -1000, na mafuta kiasi cha -100. Hivyo kinundu chenye hesabu ya mafuta hakina mjadala: ni uvimbe wa mafuta, basi.

Walakini mfuko mtupu hujikunja, na mikunjo yake hujifanya uvimbe mbele ya mwenye pupa (na pupa, kwa maoni yangu, ndiyo ila kubwa ya kazi hii). Kwa sababu hiyo msomaji mwenye adabu ya fani huuliza kwanza kama mgonjwa alinyweshwa maji ya kutosha, na pakiwa na shaka huagiza ageuzwe upande, apigwe picha tena. Kwani ukuta uliotanuka vema aghalabu hauzidi milimita 5, isipokuwa karibu na mlango wa kutokea, ambako unene zaidi ni wa maumbile.

Saratani changa picha huweza kuikosa kabisa. Kwa hiyo bingwa haapi kwamba hamna kitu, bali huomba endoskopia, yaani kamera ipitishwayo mdomoni hadi mfukoni, na kinyama kikatwe kipimwe. Ila kandokando ya Ziwa Victoria kuna kichocho, ambacho mayai yake yakikwama ndani ya ini huzuia njia ya damu, mishipa ya sehemu ya juu ya mfuko ikavimba na kujikusanya mithili ya saratani. Kabla ya dawa ya kontrasti, ile ing'arishayo damu pichani, rangi ya mishipa hiyo na ya saratani hukaribia kuwa moja. Dawa ikishachomwa, zikapita kama sekunde 70, mishipa hung'aa sawasawa na mshipa mkuu uingiao ini, mng'ao ambao saratani aghalabu haiufikii. Hapo msomaji huandika katika ripoti yake kwamba kinundu hiki ni damu tupu, nacho kisikatwe.