Nathari ya Maelekezo: Tathmini ya Fani Iliyopuuzwa na Thamani Yake Katika Biashara

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuigawa nathari katika mafungu machache: riwaya, hadithi fupi, insha, wasifu na tawasifu. Fungu moja limeachwa nje ya mlango, nalo ni nathari ya maelekezo, yaani maandishi yanayofuatana na mashine, dawa, mbegu au huduma, ambayo humwambia mtumiaji la kufanya na la kutofanya. Hata jina lenyewe limekwisha chukuliwa. Katika shule zetu za Kenya, mtu akitaja mwongozo, wanafunzi hufikiria mara moja kijitabu cha kuwasaidia kujibu maswali ya riwaya au tamthilia inayotahiniwa. Kwa sababu hiyo tutatumia hapa jina la kitabu cha maelekezo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba kitabu cha maelekezo ni sehemu ya bidhaa, na ubora au ubovu wake huhesabika kwa fedha. Pili, kwamba udhaifu wa maelekezo mengi ya Kiswahili hautokani hasa na uhaba wa istilahi, kama inavyodaiwa mara kwa mara, bali unatokana na sarufi na mtindo. Hayo ni mambo ya idara za lugha, wala si ya wahandisi.

Asili ya fani

Fani hii si ya jana. Mwaka 1391 mshairi wa Uingereza, Geoffrey Chaucer, aliandika risala juu ya matumizi ya astrolabu, chombo cha kupimia mahali pa jua na nyota. Aliiandika kwa ajili ya mtoto wake Lewis, aliyekuwa na umri wa miaka kumi, na aliiandika kwa Kiingereza kwa kuwa mtoto huyo alijua Kilatini kidogo tu. Tukumbuke kwamba Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya elimu wakati huo. Katika dibaji yake Chaucer anawaomba radhi wasomaji wenye busara kwa wepesi wa lugha yake na kwa kurudia maneno. Anaeleza kwamba sentensi zilizotatizwa ni mzigo kwa mtoto, na kwamba ni afadhali kumwandikia jambo jema mara mbili kuliko yeye alisahau mara moja.

Mshairi huyo alikuwa na uwezo wote wa kupamba lugha, lakini alipoandika maelekezo aliyaacha mapambo kwa makusudi. Aliitambua fani hii kuwa na kanuni zake. Ndilo jambo ambalo uhakiki wetu haujalitambua.

Gharama ya maelekezo mabovu

Mfanyabiashara hataamini hoja ya lugha mpaka aione katika hesabu zake. Basi tutazame mifano miwili inayojulikana.

Mwezi Oktoba 1983 kampuni ya Coleco ya Marekani ilianza kuuza kompyuta ya nyumbani iliyoitwa Adam. Kompyuta hiyo ilihifadhi kazi katika kanda za sumaku, na ilipowashwa ilitoa mshtuko wa nguvu za sumaku-umeme ulioweza kufuta kanda iliyokuwamo. Baadhi ya vitabu vya maelekezo vilimwagiza mnunuzi atie kanda kwanza, ndipo awashe. Hivyo aliyeumia zaidi ni mnunuzi mtiifu, yule aliyesoma kila neno na kulifuata. Kompyuta nyingi zilirudishwa. Ni kweli mashine zenyewe zilikuwa na kasoro, lakini kampuni ilivitaja vitabu hivyo pia miongoni mwa sababu, na ilipofika Januari 1985 iliiacha biashara hiyo ya Adam.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi na mashine ya tiba iliyoitwa Therac-25, na baadhi yao walifariki. Kiini cha ajali hizo kilikuwa katika programu na usanifu wa mashine. Hata hivyo, katika hospitali moja huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mashine ilisimama na kuonyesha hitilafu namba 54, na kitabu alichopewa mwendeshaji hakikueleza maana ya namba hiyo. Mwendeshaji alikuwa amezoea kuiona mashine ikisimama kwa hitilafu ndogondogo, naye akabonyeza kitufe cha kuendelea.

Katika mfano wa kwanza kitabu kilisema lisilofaa, na katika wa pili kitabu kilinyamaza. Kuna kosa la tatu, nalo ndilo letu hasa: kitabu kinasema lifaalo kwa lugha isiyoshikika. Hasara ya kosa hili haitangazwi magazetini. Inajificha katika pampu iliyorudishwa dukani ingali nzima, katika safari ya fundi aliyeitwa kwenda kufungua vali moja tu, na katika kipuri kilichovunjwa kwa kukazwa kupita kiasi. Muuzaji huiandika kama gharama ya matengenezo, ingawa kwa haki ingeandikwa kama gharama ya sentensi.

Mataifa mengine yamelitambua jambo hili katika sheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2006 juu ya mitambo lilitaka kila mtambo ufuatane na maelekezo katika lugha rasmi ya nchi unakotumiwa, na tafsiri itajwe waziwazi kuwa ni tafsiri. Zaidi ya hayo, kwa mitambo itakayotumiwa na wasio mafundi, lilitaka maneno na mpangilio wake vizingatie kiwango cha elimu kinachotarajiwa kwa watumiaji hao. Kenya nayo haikosi msingi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa na huduma kikamilifu. Habari zisizoeleweka hazimfaidishi mtu.

Sarufi yenye hatari

Sasa tugeukie lugha yenyewe. Kwa miaka mingi juhudi za kukiwezesha Kiswahili katika sayansi zimeelekezwa kwenye istilahi. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na matunda yake, kama vile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, yanastahili heshima. Lakini istilahi ni matofali tu. Mtu hapotei katika maelekezo kwa sababu hajui neno la betri. Hupotea kwa sababu sentensi inamruhusu kuelewa mambo mawili.

Tuanze na kiambishi cha mtendwa. Tuseme tumeandikiwa: "Ondoa betri katika mashine, kisha uisafishe kwa kitambaa kikavu." Ni kipi kisafishwe? Betri na mashine zote zi katika ngeli ya I-ZI, na kiambishi -i- kinaelekea kote kuwili. Tumezoea kujivunia kwamba ngeli zetu huondoa utata ambao lugha nyingine haziwezi kuuondoa. Katika uwanja wa ufundi sifa hiyo inafifia, kwa kuwa maneno ya mkopo humiminika kwa wingi katika ngeli hiyo moja: injini, pampu, swichi, nati, vali, gia, fyuzi. Dawa yake ni kulirudia jina: "kisha safisha betri". Lakini mwandishi aliyelelewa na insha za shule amefundishwa kwamba kurudia neno ni ufukara wa lugha. Mwandishi huyo huyo atakiita kitu kimoja kitufe katika ukurasa wa kwanza, kibonyezo katika wa pili na swichi katika wa tatu, akidhani ameonyesha utajiri wa msamiati. Msomaji wake anatafuta vitu vitatu.

Tuendelee na kiambishi -ki-. "Mashine ikisimama, inua kifuniko." Msomaji mmoja ataichukua sentensi hii kuwa hatua katika mfululizo: zima, ngoja mashine isimame, ndipo uinue. Mwingine ataichukua kuwa dawa ya hitilafu: iwapo mashine itakwama, inua kifuniko uone kuna nini. Huyu wa pili ataingiza mkono katika mashine ambayo umeme wake haujazimwa. Katika riwaya utata huo wa wakati na sharti ni uzuri, ila hapa ni kidole cha mtu. Lugha yetu ina njia nyingi za kuukwepa: "Zima mashine. Subiri mpaka isimame kabisa. Kisha inua kifuniko." Na kwa hitilafu: "Iwapo mashine itasimama yenyewe, kwanza zima umeme."

Tatu ni kauli ya kutendwa katika dhamira tegemezi: "Mafuta yabadilishwe", "kichujio kisafishwe." Sentensi hizi zina sauti ya heshima, na huenda ndiyo sababu hupendwa. Mwandishi anaogopa kumwamrisha mtu mzima asiyemjua. Lakini sentensi hizo humficha mtendaji. Mafuta yabadilishwe na nani: mwenye mashine, mwajiriwa wake, au fundi wa kampuni? Penye mashaka kila mmoja humngoja mwenzake, na mwishoni injini hulipa.

Hofu hiyo ya adabu haina msingi. Ukisimama katika karakana za Jua Kali pale Kamukunji, Nairobi, utamsikia fundi akimwelekeza mwanagenzi kwa maneno ya namna hii: shika hapa, legeza nati hii, usiitoe yote, usikaze sana itakatika. Amri ni fupi, moja baada ya nyingine, na katazo hufuatwa na sababu yake. Hakuna anayeona ametukanwa. Hiyo ni nathari ya maelekezo iliyokomaa, ila haijaandikwa.

Mifano ya maandishi na pingamizi

Yapo maandishi yaliyoifuata njia hiyo. Huduma ya M-Pesa, iliyozinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, ilimwongoza mtumiaji hatua kwa hatua kwa amri fupi: namba, kiasi, namba ya siri, thibitisha. Kisha ikamletea ujumbe wa kumweleza kilichotendeka. Hatudai kwamba lugha peke yake iliistawisha huduma hiyo. Tunadai tu kwamba isingeweza kustawi kama kila mteja angehitaji kufasiriwa na mtu wa pili, hasa pale penye namba ya siri. Katika uwanja wa kompyuta, mradi wa Kilinux uliohusiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mradi huo ulithibitisha kwamba amri za programu nzima zinaweza kusemwa kwa Kiswahili.

Watakuwako watakaosema kwamba wanunuzi hawasomi maelekezo hata yakiandikwa vizuri. Ni kweli wachache huyasoma tangu mwanzo hadi mwisho kama riwaya. Husomwa na mtu aliyekwama, kwa haraka, akitafuta jambo moja. Kwa hiyo mpangilio wa vichwa na hatua ni sehemu ya maana yenyewe. Wengine watasema kwamba Wakenya wanunuao mashine wanajua Kiingereza. Hapa tumchunguze msomaji halisi. Anayelipia pampu si lazima awe yeye anayeiwasha alfajiri shambani. Mara nyingi anayeiwasha ni kibarua, na maelekezo yasiyomfikia yeye hayajafika popote. Wengine watasema kwamba picha na video zinatosha. Picha huonyesha vyema la kufanya, lakini hushindwa kueleza kwa nini jambo fulani lisifanywe.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maelekezo bora huokoa fedha na viungo vya watu, na kwamba kinachoyafanya bora ni uteuzi wa viambishi, mpangilio wa vitendo na uaminifu kwa neno moja kwa kitu kimoja. Haya yote tunayafundisha darasani chini ya vichwa vingine. Lakini kazi yenyewe tumewaachia wafasiri ambao aghalabu huitwa mwishoni, hulipwa kwa idadi ya maneno, na pengine hawajaiona mashine wanayoiandikia.

Tunapendekeza basi kwamba nathari ya maelekezo iingizwe katika mafunzo ya mtindo na ya tafsiri, na itahiniwe kwa njia inayoifaa. Mwanafunzi aandike maelekezo ya kifaa kimoja. Apewe mtu asiyewahi kukitumia kifaa hicho, naye mwanafunzi akae kimya akitazama mikono ya mtu huyo. Kila mahali mkono utakaposita, pana sentensi ya kuandikwa upya. Waajiri hawana budi kuuthamini ujuzi huo, kwa maana sasa hivi wanaulipia ukosefu wake bila kujua.