Namna ya Kuutambua Msimbo Unaopembua Vizuri

Ukiletewa programu inayosoma faili la malipo lenye mistari 1,000, ikaikagua na kutenga iliyokubaliwa na iliyokataliwa, tazama kwanza ukaguzi unafanyika mara ngapi. Msimbo hafifu huipitia orodha mara mbili: mara ya kwanza kuokota malipo safi, mara ya pili kuokota mabovu. Siku mtu atakaporekebisha sharti upande mmoja akasahau wa pili, yapo malipo yatakayoingia makundi yote mawili, na mengine hayataonekana popote.

Fundi hukagua mara moja tu, kisha matokeo hayaachani na malipo yenyewe. Katika Haskell kazi hiyo hufanywa na aina iitwayo Either: Left hubeba sababu ya kukataliwa, Right hubeba malipo yaliyopita. Baada ya hapo partitionEithers hutoa orodha mbili, kila moja ikiwa na mpangilio ule ule wa faili. Scala, tangu toleo la 2.13 la mwaka 2019, ina partitionMap inayokagua na kugawa kwa mpito mmoja. Java nayo ilipata partitioningBy katika toleo la 8, mwaka 2014, ila hiyo hugawa kwa ndiyo na hapana tu. Hapo mimi huwa mkali. Hapana isiyo na sababu haimsaidii karani anayepaswa kumpigia simu mteja aliyekosea namba ya akaunti.

Angalia pia kinachotokea kosa la kwanza linapojitokeza. Katika Rust, ukizikusanya Result nyingi (aina inayofanana na Either) ziwe Result moja ya orodha nzima, kazi husimama kwenye Err ya kwanza, yaani kosa la kwanza. Ni sahihi pale inapotakiwa yote yapite au yote yarudi. Kwa faili letu ni uzembe, kwani mstari mmoja mbovu utazuia 999 mizuri.

Matokeo yakizidi mawili, tuseme kuna malipo yanayosubiri, dai aina inayotaja kila hali kwa jina lake. Ukiipambanua kwa match, Rust hukataa kuijenga programu iliyoruka hali mojawapo.

Kisha jumlisha idadi ya vilivyomo katika makundi yote. Isipolingana na mistari iliyoingia, ukatae msimbo huo, hata uwe mfupi na wa kupendeza kiasi gani.